Sindano ya Katikati

"Kaka, hii namba ni ya nini?"

Mdogo wangu aliuliza hivyo tukiwa kona ya tatu au ya nne ya mlima wa Kitonga, mwezi wa kumi na moja, saa nane mchana. Kidole chake kilikuwa kwenye geji ya duara niliyoifunga pembeni ya dashibodi ya Subaru yangu wiki mbili kabla ya safari. Geji inasoma 124.

"Joto la oili," nikamjibu, kwa sauti ya mtu anayejua.

"Inatakiwa iwe ngapi?"

Nikajifanya sijasikia. Mbele yetu kulikuwa na tanki la mafuta linalokwenda Tunduma, linapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Dakika chache nyuma, pale chini baada ya Ruaha Mbuyuni, barabara ilikuwa nyeupe na mimi nilikuwa nimekanyaga kama mtoto. Gia ya 2, gia ya 3, turbo inaimba, mibuyu inapita dirishani. Sasa tumebanwa nyuma ya tanki, hewa ya bondeni ni kama pumzi ya tanuri, na injini haina upepo wa kuipoza.

126. 128.

"Kaka, inapanda."

131.

Nikaangalia sindano ya joto la maji. Imetulia katikati kabisa, pale pale ilipokuwa Kibaha, Chalinze na Mikumi. Haijasogea hata unywele. Ningekuwa sijafunga ile geji, ningepanda Kitonga napiga mluzi.

Hicho ndicho kilichonikaa kichwani. Namba yenyewe ilinitisha kwa siku mbili tatu tu. Swali lililobaki ni hili: kabla sijafunga geji, nilipanda hapa mara ngapi?

## Ilula, kwenye nyanya

Juu Ilula nikasimama. Sikuzima injini. Nikaiacha ingurume taratibu huku mdogo wangu akipatana bei ya nyanya na akina mama wa pembeni ya barabara. Turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikiwa kazini, na mhimili wake unaelea juu ya oili. Ukizima ghafla, oili iliyokwama mle ndani inakaangwa hadi inakuwa masizi. Hilo nililijua. Kila mwenye Subaru ya turbo hapa Dar ameambiwa na mtu fulani kijiweni.

Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Maji hupoa upesi kwa sababu yana rejeta na feni. Oili haina haraka. Kwenye gari langu iko lita nne na nusu hivi, imejificha chini ya injini karibu na mabomba ya moshi yanayowaka. Asubuhi sindano ya maji inafika katikati nikiwa bado Kimara, na oili haijafika 60. Mchana maji yameshatulia, oili inaendelea kuchemka kimya kimya.

Ndoo tatu za nyanya baadaye, geji ikasoma 104. Tukaondoka.

## Sufuria

Niliporudi Dar nikajipa matumaini. Labda geji inadanganya.

Ni ya mtumba, sensa yake nimeinunua kwa mtu, na niliifunga mwenyewe kwenye kizibo kimoja cha njia ya oili juu ya bloku. Kwa hiyo Jumamosi moja nikaifungua sensa, nikaifuta vizuri, nikaipeleka jikoni. Nikachemsha maji kwenye sufuria ndogo, waya nimeupitisha dirishani hadi kwenye betri iliyokaa kibarazani. Mama watoto alisimama mlangoni amekunja mikono.

"Hiyo sufuria ya uji wa mtoto."

Nikaahidi nyingine.

Dar tuko usawa wa bahari, maji huchemka nyuzi 100. Geji ikapanda, ikasita, ikatulia 98. Nikaitoa, nikairudisha, 98 tena. Kama ni kudanganya, inadanganya kwa kupunguza.

Basi 131 ilikuwa kweli. Au 133.

## Hiyo 131 ni nini hasa

Hapa ndipo nilipopoteza usingizi, kwa sababu ukisoma unapata majibu mawili yasiyoelewana.

La kwanza linakutuliza. Oili za kisasa za kutengenezwa maabara si oili za babu zetu. Kipimo kimojawapo cha ubora wake hufanywa kwenye nyuzi 150, oili ikiwa imebanwa kwenye uwazi mwembamba kama ule wa kwenye beringi. Inapita. Kwa hiyo 131 kwa dakika kumi haiui injini.

La pili linakukosesha raha. Oili huwa nyepesi kadiri inavyopata moto, na wepesi huo ndio unaokula beringi. Ile 30 iliyoandikwa kwenye kopo la 5W-30 ni daraja la uzito wake kwenye nyuzi 100. Ukifika 131 imebaki kama nusu ya uzito huo. Halafu kuna kuzeeka. Makadirio yanayotumiwa na wengi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka, oili huungua na hewa kwa kasi mara mbili. Kutoka 101 hadi 131 ni mara mbili, mara mbili, mara mbili. Mara nane. Oili niliyokuwa naiheshimu kwa kilomita 5,000 huenda ilikuwa imeshachoka nikiwa bado njiani kurudi.

Na injini yenyewe ni EJ207 ya Subaru. Wenye nazo wanajua ninachosema. Silinda mbili kushoto, mbili kulia, krenki fupi, na beringi za konrodi nyembamba kwa sababu nafasi haitoshi. Ni injini tamu. Japani waliiuza kwa farasi 280, namba ileile ambayo kampuni zao zilikubaliana miaka ile kutoivuka kwenye matangazo. Ni injini pia ambayo neno "imenoki" limezungumzwa juu yake katika kila gereji ya mji huu. Nimeinunua nikijua. Mtu aliyekua na picha ya Impreza ya bluu ya Colin McRae aliyeshinda Safari Rally 1997 haambiwi kitu.

Taa nyekundu ya oili? Ile huwaka shinikizo likiwa limeshakaribia kuisha kabisa. Inakuja kutoa pole msibani.

## "Hii nchi ya joto, bosi"

Fundi wa kwanza niliyemweleza hakushtuka. Alikuwa anakula muhogo.

"Weka 20W-50, bosi. Hii nchi ya joto. Hizo 5W za baridi za Ulaya."

Sitaki kumcheka. Kuna ukweli ndani. Oili nzito hubaki na uzito wa maana hata ikipata moto, na wako wanaokimbiza magari ambao hutumia 50 kwa sababu hiyo hiyo. Ila ile 20W haihusiani na joto la Dar. W ni ya majira ya baridi, inasema oili inavyotiririka injini ikiwa imelala. Na oili ikiwa nzito sana inajisugua yenyewe, inatengeneza joto lake. Unaweza kuweka blanketi ukidhani umefungua dirisha.

Nikakubaliana naye nusu. Nikahama kutoka 5W-30 kwenda 5W-40, na nikaamua kununua kipozeo cha oili, kirejeta kidogo cha kukaa mbele kipate upepo. Mafundi wetu hukiita "oili kula", yaani oil cooler ya Kiingereza. Nilicheka mara ya kwanza kulisikia. Baadaye nikaona jina limekaa sawa, maana hela lilizokula mimi nazijua.

Laki sita, pamoja na mipira yake ya kusukwa kwa waya.

Ningeweza kupata la mtumba Shauri Moyo kwa robo ya bei. Nilishika moja, zuri, halijapinda. Muuzaji aliniambia limetoka kwenye gari "iliyokufa injini tu". Nikalirudisha taratibu juu ya meza. Injini ikinoki, vumbi la chuma husambaa na oili hadi kwenye kipozeo, linajibana katikati ya vile vijia vyembamba, na hakuna petroli wala upepo wa kompresa utakaolitoa lote. Unanunua mauti ya mwenzako.

Sahani ya kuunganishia, ile inayokaa kati ya filta na injini, zilikuwepo za aina mbili. Moja ina themostati ndani, inafunga njia ya kwenda kwenye kipozeo hadi oili ifike nyuzi 80 hivi. Nyingine iko wazi muda wote.

"Themostati ya nini?" akauliza fundi. "Hii nchi ya joto."

Na mimi, ambaye nimemcheka baba mdogo miaka yote kwa Corolla yake iliyotolewa themostati, Corolla ambayo asubuhi ya Julai haipati moto hadi Morogoro, nikachukua ile ya wazi. Ilikuwa na nafuu ya elfu themanini.

## Abiria wa daladala

Tulilifunga Januari, mbele ya kondensa ya AC, nyuma ya bampa. Lilionekana zuri ukichungulia. Mdogo wangu alilipiga picha.

Wiki ya kwanza, mjini, foleni ya Mwenge: 112. Kabla yake ilikuwa 114.

Laki sita kwa nyuzi mbili.

Hilo lilichukua muda kulielewa na sasa nadhani ndilo jambo linalosahaulika kuliko yote. Hewa ni kama abiria wa daladala. Haiwezi kuingia kama waliomo hawashuki. Kipozeo changu kilikuwa na mdomo mkubwa mbele, lakini nyuma yake kuna kondensa, nyuma ya kondensa kuna rejeta, na chini ya yote ile plastiki ya tumboni mwa gari ilikuwa imeng'olewa zamani kwa sababu "inasumbua wakati wa kumwaga oili". Watu huona ile plastiki ni pambo. Kazi yake mojawapo ni kuufanya upepo wa chini unyonye hewa itoke kwenye chumba cha injini. Ikikosekana, hewa inaingia kutoka chini, inakutana na ile inayotoka mbele, zinasimama kusalimiana.

Tukalihamisha. Likaenda pembeni nyuma ya tundu la taa ya ukungu, tukatengeneza mdomo wa bati kuelekeza upepo wote upite katikati yake usikwepe, na tukakata njia ya kutokea kwenye kava la tairi. Kazi ya nusu siku kwa mkasi wa bati na ripiti. Nikatafuta plastiki ya tumboni, nikairudisha.

Kibaha hadi Chalinze, mchana, mwendo wa kawaida: 91.

Nikaandika kwenye simu: IMEKWISHA. Kwa herufi kubwa.

## Mafinga, saa kumi na mbili asubuhi

Julai tulikwenda Mafinga kwenye harusi ya binamu, nikakaa wiki mbili. Wanaojua Mafinga ya Julai wanajua. Ukungu umelala juu ya misonobari ya Sao Hill, watu wamevaa makoti ya sufu na kofia za kuficha masikio, na chai inapoa kabla hujaiweka chini. Kila asubuhi nilikuwa dereva wa harusi. Kumfuata fulani stendi, kupeleka sufuria, kufuata kreti za soda, kurudi. Kilomita nne, kilomita sita.

Geji: 51. 48. 55.

Siku moja nilikwenda hadi Makambako na kurudi, barabara imenyooka, mwendo 80. Nilitarajia itapanda. Ikafika 63, ikagoma pale.

Nilifurahi, unaamini? Nikamwonyesha binamu. "Angalia, oili iko baridi kama maji ya mtungi."

Siku ya tisa nikafungua kifuniko cha kujazia oili ili niangalie tu. Chini ya kifuniko kulikuwa na ute mzito wa rangi ya chai ya maziwa. Nikaingiza kidole, nikautoa, nikaupaka kwenye kitambaa. Mzito kama blubandi iliyokaa juani. Moyo ukaenda tumboni.

Kila mtu anajua maana ya ute ule. Maji yameingia kwenye oili. Hedi gasketi, ile inayotenganisha maji na oili, imekufa.

Gereji moja ya kule, sitaitaja, walichukua sekunde tano. "Gasketi imekufa hii. Tushushe injini." Mmoja alikuwa ameshaanza kutafuta spana ya kufungulia boneti.

Sijui ni nini kilichonizuia. Labda ubahili. Labda kwa sababu maji ya rejeta hayakuwa yamepungua hata kidogo. Nilikuwa nayaangalia kila asubuhi, na hayakuwa na mafuta juu yake. Kama maji yameingia kwenye oili, yametoka wapi?

Yametoka hewani. Na kwenye petroli yenyewe. Petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji, sehemu kidogo hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye oili, pamoja na petroli ambayo haijaungua. Katika injini yenye afya si tatizo, kwa sababu oili ikipata moto wa 90 na kitu, unyevu ule unageuka mvuke na kunyonywa nje. Oili yangu ilikuwa haijafika hata 65 kwa siku tisa. Kila asubuhi nilikuwa naiongezea maji kidogo na siipi nafasi ya kuyatoa.

Nilikuwa nimeogopa 131 mpaka nikasahau kwamba iko namba ya chini pia.

Nikaziba kipozeo kwa kipande cha boksi la soda na mkanda wa gundi. Nikaendesha hadi Iringa na kurudi. 84. Ute ukapungua. Boksi la soda liliondoa robo tatu ya tatizo lililotengenezwa na laki sita.

## Mipira miwili

Dar, fundi mwingine. Huyu ni mtu wa makamo, anaongea kidogo, na hufungua injini akiwa amevua saa. Nilimpelekea gari anifungie sahani yenye themostati. Nikamsimulia yote tangu Kitonga.

Akaingia shimoni na taa. Kimya.

"Mkubwa, hebu shuka uone."

Akanionyesha kitu cha mviringo kati ya bloku na filta, kama kopo la samaki lenye vichirizi viwili pembeni. Vichirizi vile vilikuwa wazi, vimejaa vumbi, kimoja kina utando wa buibui. Sentimita chache juu yake, mpira mmoja wa maji ulikuwa umekunjwa kama herufi U, umetoka kwenye injini na kurudi kwenye injini bila kupita popote, umefungwa kwa vibano viwili vizuri kabisa.

"Hiki ndicho kipozeo cha oili cha gari. Kimekuja nacho kutoka Japani. Maji yanatakiwa yapite humu. Kuna mtu ameyakata."

Nilikaa juu ya ngazi ya shimo.

Fikiria kifaa kile kinafanya nini. Maji ya injini, ambayo yana themostati yake na yanakaa karibu na nyuzi 90, yanapita upande mmoja wa bati. Oili inapita upande wa pili. Oili ikiwa moto kuliko maji, maji yanauchukua ule moto na kuupeleka kwenye rejeta. Oili ikiwa baridi, maji, ambayo hupata moto mapema, yanaipasha. Kifaa kimoja, hakina waya, hakina sensa, hakina akili yoyote. Kitonga kingeshusha 131. Mafinga kingepandisha 51. Nilikuwa nacho muda wote. Kilikuwa kimekaa pale kikavu na buibui wake.

Miezi minane nilikuwa natafuta cha kuongeza. Sikuwahi kuuliza nini kimetolewa.

Nilimpigia yule fundi wa Januari. Ndiyo, aliona. "Nilijua ndivyo zinavyokuja, bosi." Na siwezi kumlaumu, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimelala chini ya gari lile mara kumi na nilikuwa naona mpira tu.

Ninachokiwaza usiku ni ile mikono. Mtu aliyekata alikuwa fundi mzuri. Huenda mpira wa asili ulianza kuvuja, una kona mbili ngumu na haukupatikana siku ile, mteja ana haraka. Akapima, akakunja mpira mwingine, akafunga vibano vipya, akavipanga vichwa vyake viangalie upande mmoja ili anayekuja baadaye apate urahisi wa kufungua. Akajaribu. Haivuji. Sindano katikati. Nchi ya joto, nani anahitaji kuipasha oili?

Ni mkono uleule unaotoa themostati ya maji, unaong'oa plastiki ya tumboni, na mkono wangu uliochagua sahani ya wazi ili kuokoa elfu themanini. Tunaona kitu kimewekwa na watu waliokaa miaka wakipima, na swali letu la kwanza ni kama gari linawaka bila hicho kitu. Linawaka. Kwa hiyo.

Na si kwamba wenye viwanda hawakosei. Nissan 370Z ilipotoka 2009 ilikuja bila kipozeo cha oili, na wenye nazo walipozipeleka uwanjani kukimbiza, oili ilipanda hadi kompyuta ya gari ikaanza kukata nguvu ili kuokoa injini. Baadaye wakakiweka kwenye matoleo ya michezo. Porsche nao walijenga 911 kwa zaidi ya miaka 30, hadi 1998, injini inapozwa kwa hewa na oili, bila maji kabisa, ndiyo maana zile za mwisho zinabeba oili zaidi ya lita kumi na zina kipozeo chake hadi huko mbele. Mtu anaweza kuongeza, anaweza kukosoa. Lakini hao walipima kwanza.

## Elfu thelathini na tano

Hiyo ndiyo bei ya mpira wenye kona mbili. Ulipatikana Ilala siku hiyohiyo, saa tano asubuhi.

Fundi akafungua kile kipozeo cha asili, akakisafisha, akabadilisha ringi yake ya mpira, akakirudisha na maji yake. Tukaweka sahani yenye themostati kwa ajili ya kula langu la laki sita, ambalo sasa linafanya kazi pale tu linapohitajika. Hata ikiwa imefunga, hupitisha oili kidogo ili kipozeo kisikae na oili baridi itakayoingia injini kwa mkupuo. Nilipenda hilo. Kuna mtu aliwaza.

Kisha nikachukua filta ya zamani, na hacksaw.

Nilikuwa sijawahi kufanya hivyo. Ukikata filta ya oili kwenye shingo na kuvuta karatasi yake nje, inafunguka kama akodioni. Nikaikata vipande, nikavitandaza juu ya gazeti, nikavikamua, nikaweka taa pembeni ili mwanga uje kwa mshazari. Unatafuta mng'ao. Chuma cha krenki kinashikwa na sumaku. Beringi ni madini laini, shaba, alumini, hayo sumaku haiyagusi.

Mikunjo hamsini na kitu. Nyeusi, safi, nyeusi, safi.

Kwenye mkunjo wa thelathini na moja, vipunje vitatu. Vidogo kuliko punje ya sukari. Nikapitisha sumaku. Havikusogea.

Fundi akavaa miwani, akaangalia muda mrefu.

"Vitatu si kitu," akasema. Kisha: "Usikitupe hicho kipande."

Kipo kwenye bahasha, ndani ya droo ya gari, na tarehe juu yake. Filta ijayo nitaikata kwenye kilomita 3,000 nihesabu.

Wiki iliyopita nilipanda Kitonga. Lori la saruji mbele, jua lilelile, mibuyu ileile, ila safari hii chini kule nilikanyaga kwa adabu kidogo. 108. 110. 111, ikakaa hapo hadi juu. Mdogo wangu alikuwa amelala.

Niliporudi nilimpigia aliyeniuzia gari. Sikutaka ugomvi, nilitaka kujua tu ni lini mpira ule ulikatwa, ili nihesabu miaka. Hakukumbuka mpira wowote. Lakini alitaka kunitoa hofu.

"Kaka, gari hiyo mimi nimeitunza. Nimekwenda nayo Mbeya, Songea, Sumbawanga, haijawahi kuchemsha hata siku moja. Sindano muda wote iko katikati."